Vidole vinakufa ganzi njiani: ninunue usukani mrefu?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa bodaboda, nalala Gongoni na steji yangu iko Malindi mjini. Naendesha Boxer 150, huu mwaka wa nne. Kwa kimo nimefika futi sita. Tangu mwaka jana, nikifika Mambrui tu, kidole cha mwisho na cha pete cha mkono wa kulia vinakufa ganzi na kitako cha kiganja kinawaka. Jioni mabega na shingo havigeuki. Mwenzangu amenionyesha usukani wa juu, ule uliopanda kama pembe za ng'ombe, ati ukiufunga unakaa wima kama uko kitini kwako. Niununue? Na kebo za zamani zitafika?

Marahaba mwanangu, na pole. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu umevitaja vidole kimoja kimoja. Wengi huja gereji wakasema "mikono inauma", tukaanza kubahatisha. Wewe umeniambia mahali, nami naweza kukujibu moja kwa moja: usukani wa pembe za ng'ombe usiununue. Huenda ukahitaji usukani mwingine, lakini huo utakuongezea ugonjwa ulio nao.

Nieleze kwa nini. Mshipa wa fahamu unaokwenda kidole cha mwisho na ubavu wa kidole cha pete hupita nyuma ya kiwiko, palepale ukijigonga unasikia umeme. Kutoka hapo hushuka hadi kifundo cha mkono na kuingia kiganjani upande wa kidole cha mwisho, mahali ambapo hakuna nyama nyingi ya kuulinda. Kwa hiyo una sehemu mbili za kuumia. Ukiegemea kitako cha kiganja kwa muda mrefu, unaubana chini. Ukikunja kiwiko sana na kukaa hivyo, unauvuta juu. Laiti ungeniambia ni kidole gumba, cha shahada na cha kati vinavyokufa ganzi, ningekwambia kifundo chako kimekunjwa kwenda juu, kwa kuwa huo ni mshipa mwingine unaopita katikati ya kifundo.

Sasa ufikirie huo usukani wa pembe. Mikono inakwenda juu karibu na kifua, viwiko vinakunjika kama mtu anayebeba sinia. Uzito unaondoka kiganjani, kweli, lakini mshipa unavutwa kiwikoni, tena kwa safari nzima. Baada ya mwezi vidole ni vilevile na mabega yamezidi, maana mikono iliyoinuliwa hubebwa na mabega. Na kuna upepo. Wakati wa kusi unatoka Gongoni asubuhi upepo ukikupiga usoni, na wakati wa kaskazi unakupiga jioni ukirudi. Aliyekaa wima kabisa huwa tanga: kifua kinapokea upepo wote na mikono ndiyo inayomzuia asirudi nyuma. Utaushika usukani kwa nguvu zaidi ya sasa.

La tatu ni mzigo. Wewe hubeba watu, na ninavyoijua njia hiyo, hubeba na magunia ya nazi. Mzigo wa nyuma hulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi. Ukikaa wima na kurudi nyuma unalipunguzia uzito zaidi, na ukipita penye mchanga gurudumu la mbele jepesi halisikii usukani.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, nataka ufanye kazi isiyokugharimu hata shilingi. Chukua spana ya namba 10, usimamishe pikipiki mahali pa sawa, mtu akushikie, ukae kama unavyokaa barabarani. Si unavyokaa ukipigwa picha. Kaa ulivyo kweli, abiria akiwa nyuma yako. Nyoosha mkono, weka vidole juu ya mkono wa breki na wa klachi. Mstari kutoka kiwiko hadi ncha za vidole unatakiwa unyooke. Kwenye pikipiki nyingi ninazozipokea hiyo mikono ya breki na klachi imesimama juu mno, ikalala sawa na ardhi, kwa hiyo kila ukishika klachi kifundo kinapinda kwenda juu. Legeza bolti yake, izungushe ishuke kidogo, jaribu tena. Unapoikaza, usiikaze hadi mwisho: iwe imara kwa mkono, lakini pikipiki ikianguka izunguke badala ya kuvunjika.

Halafu shika raba ya kulia, yaani ule mpira wa kushikia usukani. Umesema ni mkono wa kulia, na sababu ninayoishuku kwanza ni kebo ya mafuta, ile unayoivuta ukizungusha raba. Mkono wa kushoto hupumzika ukiwa gia ya juu. Wa kulia haupumziki kutoka Gongoni hadi mjini. Kebo ikiwa kavu, imejaa vumbi na chumvi, springi ya kabureta inakuwa na mwenzake wa kushindana nawe, na wewe unaiminya raba kwa kiganja kizima ili izunguke. Vuta mafuta injini ikiwa imezimwa, kisha achia. Inatakiwa irudi yenyewe kwa mlio, tap! Ikirudi polepole, ifungue kebo upande wa juu, tia mafuta mepesi ya mashine taratibu hadi yatokee upande wa chini. Nyuzi zikiwa zimeanza kukatika, usihangaike, nunua mpya. Iachie mchezo kidogo, milimita 2 hadi 6 za kuzunguka kabla haijaanza kuvuta, maana kebo iliyokazwa kabisa haiachi mkono upumue.

Na raba zenyewe? Jua letu huzikausha zikawa ngumu kama kwato. Pikipiki ya mwaka wa nne yenye raba zake za kwanza inapeleka mtetemo wote wa injini mkononi. Badilisha. Chagua laini, zisizo nene mno, kwa sababu raba nene humlazimisha mtu kufungua kiganja na kuminya. Angalia pia kama vile vyuma vizito vya mwisho wa usukani bado vipo. Vijana huving'oa wakidhani ni urembo. Kazi yake ni kuutuliza mtetemo.

Kuna kipimo kimoja ambacho watu hukisahau, nacho ni kama usukani ulionao umenyooka. Pikipiki iliyowahi kuanguka, hata ikiwa imesimama tu ikaangukia ubavu, mara nyingi usukani wake umepinda sentimita moja au mbili na mwenyewe amekwisha zoea. Funga uzi katikati ya keria ya nyuma, unyoosha hadi ncha ya kulia, tia alama, kisha upeleke ncha ya kushoto huku gurudumu la mbele limetazama mbele sawasawa. Ukikuta tofauti, basi una bega moja linalokwenda mbele kuliko jingine kila siku ya Mungu, na shingo yako inalipa. Usukani uliopinda usiupige nyundo wala kuutia moto. Wa aluminiamu hauna kurudi, hupasuka ndani pasipo kuonekana kisha siku moja unakatika mkononi. Wa chuma ukipashwa moto unalainika pale pale unapobeba uzito. Unabadilishwa, basi.

Fanya hayo, uendeshe wiki mbili. Asilimia kubwa ya wanaonijia wangeishia hapa.

Wewe hata hivyo ni mrefu, na kwa hilo naamini utahitaji kupandisha kidogo. Boxer haikuundwa ikimtazama mtu wa futi sita. Mabega yako yako juu, usukani uko chini, na abiria wawili wakikusukuma unateleza hadi kwenye tangi. Hapo unaegemea mikono ili usiende mbele zaidi. Kwa kuwa abiria ndio riziki na hatuwezi kuwapunguza kwa maneno, jaribu kulibana tangi kwa magoti ili miguu ibebe sehemu ya kazi. Na kiti chako ukikague: sponji iliyolala upande wa mbele hufanya mteremko, na mteremko huo unamaliziwa na viganja.

Kujua upandishe kiasi gani, usitumie macho ya dukani. Usukani ukining'inia ukutani kila mmoja ni mzuri. Hapa kwetu mimi hutumia ufito. Tafuta ufito wa mkandaa, mti wa mikokoni, ulionyooka, unene wa kushikika, urefu kama wa usukani wako. Ufunge kwa kamba juu ya usukani wa sasa, kwa vipande vya mbao chini yake. Kaa, fumba macho, legeza mabega, inua mikono pale inapotaka yenyewe kutua. Mwenzako ainue au ashushe ufito hadi ukutane na viganja. Viwiko viwe vimekunjika kidogo tu, vimeelekea nje kidogo, mgongo umeinama mbele kiasi, si wima kama nguzo. Pima kwa futi: umepanda sentimita ngapi, na umerudi nyuma sentimita ngapi. Kisha geuza usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, na ufito wake. Kama goti lako linaguswa, au kidole gumba kinabanwa na tangi, kipimo hicho hakifai hata kama kinastarehesha. Goti lililobanwa na usukani wakati unageuza kwenye mchanga ni ajali.

Nakadiria utapata kati ya sentimita 2 na 4 za kupanda, na kurudi nyuma kidogo sana. Ikiwa ni 2 au 3 tu, huna haja ya usukani mpya. Kuna vipandisho, yaani vipande vya chuma vinavyokaa chini ya vibano vinavyoushika usukani katikati, na kuuinua usukani uleule. Nunua vilivyochongwa kwa mashine, vyenye bolti zake ndefu. Vile vya kuchomelewa mtaani sivikubali. Uzito wako wote ukifunga breki unapita hapo, na kiungo kilichochomelewa vibaya hakikupi onyo.

Ikiwa ni zaidi, au usukani wa zamani umepinda, nunua mpya, na hapa kuna kipimo ambacho usikubali kuambiwa "ni saizi moja". Karibu pikipiki zote ndogo za huku hutumia bomba la milimita 22. Ziko sukani za pikipiki za michezo ya matope zenye milimita 28.6 katikati na 22 mwishoni. Hizo hazikai kwenye vibano vyako. Na ziko za pikipiki kubwa za inchi moja, yaani milimita 25.4, ambazo hata raba na swichi zako hazitaingia. Nenda na kipimo cha fundi, au nenda na usukani wa zamani mkononi. Ulinganishe vitu vinne: unene, upana kutoka ncha hadi ncha, kimo, na unavyorudi nyuma. Juu ya upana, usiongeze zaidi ya sentimita chache. Usukani mpana hurahisisha kugeuza penye mchanga, lakini hukufungua mikono kifua kikapokea upepo, na kupenya kati ya tuktuk sokoni kutakuwa shida. Hakikisha pia sehemu ya katikati ina meno madogo ya kushikia kibano, na ncha zina nafasi iliyonyooka ya kutosha raba, swichi na mkono wa klachi.

Umeuliza kama kebo za zamani zitafika. Hili ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu.

Miaka mingi nyuma, nikiwa bado na haraka ya ujana, kijana aliniletea usukani wa juu nimfungie. Kebo ya mafuta ilifika, lakini imenyooka. Nikajaribu pikipiki imesimama, mafuta yanavuta, yanarudi, nikampa. Hakuwa amefika mbali. Alipokata kona kushoto usukani uliivuta kebo, na kebo ikavuta kabureta. Pikipiki ilikimbia yenyewe katikati ya kona. Aliingia kichakani, Mungu akamhifadhi, akatoka na mkono uliochubuka. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Tangu siku hiyo hakuna pikipiki inayotoka kwangu kabla ya jaribio hili, na nakuomba usipande yako bila kulifanya.

Washa injini, gia iko huru, iache ilie taratibu. Geuza usukani polepole hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Sauti ya injini isibadilike hata chembe. Ikipanda, kebo ni fupi au imepita njia mbaya. Kisha usukani ukiwa mwisho wa kila upande, vuta mafuta na uachie: irudi yenyewe pande zote mbili. Zima, ufanye hivyo kwa klachi na breki ya mbele; ule mchezo mdogo wa mwanzo usipotee ukigeuza. Boxer nyingi za huku zina breki ya mbele ya ngoma inayovutwa kwa kebo, kwa hiyo kebo ikivutwa kwenye kona breki inashika bila wewe kugusa. Fuata na nyaya za umeme pia: zisininginie, zisikamuliwe kati ya usukani na tangi.

Mara nyingi sentimita 2 au 3 zinapatikana kwa kuipitisha kebo njia nyingine, kwa mfano kuitoa nyuma ya taa. Zaidi ya hapo, nunua kebo ndefu. Usiongeze kebo kwa kuunga waya. Na msomaji mwenye breki ya diski mbele, huo mpira wa breki usiuvute hata kidogo. Ukinyooka, badilisha na mrefu, zile pete za shaba (washa) ziwe mpya, mafuta ya breki yawe ya namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, na hewa itolewe yote. Kama hujawahi kuitoa, mpe fundi.

Kufunga kwenyewe unaweza, maana ni kazi ya mchana mmoja. Funika tangi kwa blanketi. Piga picha kila kitu kabla hujalegeza. Toa vioo, raba, swichi, mikono, kisha vibano. Swichi nyingi zina kijino ndani kinachoingia kwenye tundu la usukani. Usikikate ili swichi ikae. Weka swichi mahali pake, tia alama, toboa tundu dogo kwa drili, ulisafishe kwa tupa. Kijino kikikatwa, swichi ya mafuta itazunguka mkononi siku unayoihitaji itulie.

Vibano uvisafishe mchanga na kutu. Usitie grisi pale usukani unaposhikwa, utateleza. Vikiwa na alama ya nukta, nukta hukaa mbele: kaza bolti za mbele hadi vibano vikutane, kisha za nyuma, mwanya ubaki nyuma. Visipokuwa na alama, kaza kwa zamu, mwanya uwe sawa mbele na nyuma. Bolti za unene wa milimita 8 kwa kawaida hutaka kama nyutoni mita 20 hadi 25, na kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuatwa. Anayekaza kwa bomba refu juu ya spana anang'oa nyuzi za bolti, na kwenye aluminiamu hazirudi.

Wewe unapita kila siku karibu na mashamba ya chumvi, kwa hiyo nina neno kwako ambalo mtu wa bara halimhusu sana. Chumvi huingia ndani ya bomba la usukani na kulila kwa ndani. Kabla ya kufunga, paka mafuta mazito ndani ya ncha zote mbili na uzizibe. Nyuzi za bolti zipake grisi kidogo, na kwa kuwa bolti yenye grisi hukazika zaidi kwa nguvu ileile, usizidishe. Osha kwa maji yasiyo na chumvi jioni, hasa chini ya vibano. Baada ya siku tatu nne za kazi, rudi ukaguse kila bolti kwa spana.

Vidole navyo uvipe muda; mshipa uliobanwa mwaka mzima hautulii kwa siku mbili. Lakini vikifa ganzi hata usiku ukiwa umelala, au ukiona unashindwa kufunga vifungo vya shati, au nyama kati ya gumba na shahada inapungua, nenda hospitali mara moja wala usisubiri usukani.

Ukishafunga ufito, niandikie namba tatu: umepanda ngapi, umerudi nyuma ngapi, na goti limebakiwa na nafasi kiasi gani usukani ukiwa umegeuzwa hadi mwisho. Nitakwambia kama ni vipandisho au usukani mpya, na urefu wa kebo ya kuomba dukani. Ule wa zamani, kama umenyooka, uweke ndani usiuuze.